Kurasa Kumi na Sita

Kitabu kililetwa karakanani Jumanne asubuhi kikiwa kimezungushiwa kamba, maana bila kamba kingemwagika chote. Aliyekileta alikuwa mkutubi wa maktaba, mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, asiyekumbuka kamwe ipi ni ya kusomea. Kwa Fundi alikuwa shangazi, dada wa baba, na ndiye aliyemtafutia kazi ya kujalidi vitabu katika chumba kile cha nyuma chenye harufu ya gundi na karatasi kuukuu.

"Mgonjwa wako huyu hapa," alisema shangazi, akikiweka mezani. "Amesomwa mpaka amevunjika mgongo. Mtibu haraka, kuna watu wanamsubiri."

Fundi alikitazama mara moja tu, akajifanya anatafuta sindano. Hakuhitaji kusoma jina. Ilikuwa ni *Binti wa Lango*, riwaya ya mapenzi ya enzi za miji yenye kuta, na jalada lile la bluu alilikata na kulishona kwa mikono yake miaka minne iliyopita. Tangu hapo hakuwahi kukigusa. Kila alipopita kwenye rafu za riwaya aligeuza uso, kama mnavyogeuza ninyi mkipishana njiani na mtu mliyewahi kumwandikia barua.

"Hiki si kimezeeka tu?" alisema. "Kitupwe, kinunuliwe kingine."

"Kitupwe? Umeona karatasi yake ya maoni?"

Maktaba ile ilikuwa na utaratibu wake. Nyuma ya kila kitabu ilibandikwa karatasi tupu, na msomaji aliyemaliza aliruhusiwa kuandika anachofikiri, mistari miwili mitatu, bila jina, ila namba ya kadi yake. Vitabu vingine vilikaa miaka na karatasi nyeupe. Hiki kilikuwa na karatasi saba zilizobandikwa moja juu ya nyingine, zote zimejaa pande zote mbili.

"Mimi riwaya za mapenzi sisomi, umri huo nimeupita," alisema shangazi, akivuta kigoda na kukaa, dalili kwamba harudi mbele mapema. "Lakini maoni nayasoma yote. Yana raha kuliko kitabu chenyewe. Msikilize huyu, namba sitini na mbili: 'Binti huyu ana roho ya chuma. Mwanamume yuko nje siku arobaini, ufunguo uko kiunoni, na hafungui? Mimi ningefungua siku ya pili, tauni itujue sote.'"

Fundi alicheka bila kutaka. Kisa chenyewe alikikumbuka vizuri mno. Binti wa mlinzi wa lango anaachiwa ufunguo baba yake anapofariki. Tauni inaingia katika nchi, mji unaamua lango lisifunguliwe siku arobaini. Mchonga mawe, mpenzi wa binti, anarudi kutoka safari na kukuta lango limefungwa. Wanazungumza kwenye ufa wa mbao, yeye ndani, mwenzake nje, siku baada ya siku.

"Anajibiwa na namba mia mbili thelathini na tatu," aliendelea shangazi. "'Namba 62, wewe ndiye ungetumalizia mji. Yule dada alikuwa na watu elfu tatu mgongoni.' Halafu namba mia na arobaini: 'Nimemlilia mpaka mume wangu akaniuliza nani kafa.' Sitini na mbili karudi hapa chini: 'Nimekisoma tena. Bado ningefungua.'"

"Huyo ana hasira."

"Hasira gani, huyo anapenda. Na huyu sasa, mia tatu na tano, huyu aliwahi kuniliza mimi." Shangazi alibadilisha miwani. "'Mimi ni mjane. Namshukuru aliyeandika habari za mwanamke anayefunga mlango kwa sababu ya kupenda. Watu hudhani mlango hufungwa kwa chuki tu.'"

Nje, kwenye ukumbi wa kusomea, mtu alikuwa akikohoa kwa adabu.

"Maneno mazuri," alisema Fundi. "Ila yeye na sitini na mbili wanagombea nini? Mwishoni si alifungua."

"Nani alifungua?"

"Binti wa Lango. Asubuhi ya siku ya arobaini na moja."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Wewe umesoma kitabu kingine. Huku hakuna aliyefungua. Sikiliza, themanini na nane: 'Siku ya arobaini jua linazama, lango limefungwa, hadithi kwisha. Waandishi wa siku hizi wamezoea kutuacha hewani.' Watu arobaini na kitu wameandika humu, na hakuna hata mmoja aliyesema alifungua."

Fundi aliweka sindano chini.

Alikata kamba. Alikigeuza kitabu, akakifungua mgongoni, pale nyuzi zinapoonekana. Kitabu cha kushona hujengwa kwa mikunjo: karatasi kubwa hukunjwa na kukunjwa tena mpaka ikatoa kurasa kumi na sita, kisha mkunjo mmoja hushonwa na mwenzake kama matofali ya ukuta. Alihesabu kwa kucha ya kidole gumba. Alifika kumi na tisa. Akahesabu tena, polepole.

"Inatakiwa iwe ishirini," alisema.

"Nini ishirini?"

"Mikunjo. Upo mmoja haumo, shangazi. Wa mwisho. Sura ya mwisho yote haimo."

Hakuhitaji kuulizwa nani alikosea. Mshono ule ulikuwa wake, wa enzi zile alipokuwa bado anavuta uzi kwa nguvu kupita kiasi. Kitabu kilipotolewa zawadi kwa maktaba kilikuwa hakina jalada, na mkunjo wa mwisho ulikuwa umelowa na kuchanika. Aliutenga, akaubandika viraka vya karatasi nyembamba, akauweka katikati ya mbao mbili na kuuwekea jiwe juu ili ukauke. Alikuwa ausome na kuushona asubuhi yake. Kuusoma aliusoma, palepale, gundi ikiwa mbichi. Ila asubuhi alikuwa na haraka ya mtu mwenye mapenzi, akashona mikunjo iliyokuwa mezani, akatia jalada, akakimbia. Na sura ya kabla ya mwisho iliishia palepale mkunjo ulipoishia, kwa hiyo hakuna aliyejua kuna kilichopungua.

Alipanda juu ya kiti chake. Juu ya kabati, nyuma ya vipande vya kadibodi ambavyo hakuna aliyevigusa kwa miaka, zilikuwepo mbao mbili. Alizishusha pamoja na vumbi lake na kuzitenganisha. Kurasa kumi na sita zilikuwa zimenyooka vizuri, hazina hata kunyanzi.

"Sasa unalia nini?" aliuliza shangazi. "Zimepatikana, si uzishone."

"Nilimpa hiki kitabu, shangazi."

"Ulimpa nani?"

"Mpimaji."

Shangazi alivua miwani zote mbili.

Hadithi ya Mpimaji aliijua nusu, kama wanafamilia wote. Kijana mpima ardhi, mrefu, mpole, mwenye penseli sikioni, aliyekuwa akija kuazima ramani za zamani na baadaye akawa anakuja hata bila haja ya ramani. Mama yake Fundi alimkataa kabla hata hajaletwa rasmi: mtu wa kulala kwenye mahema, leo bondeni, kesho mlimani, huyo si mume, huyo ni mpita njia. Kisha Mpimaji akapata kazi ya mbali, akaondoka, ikasemekana wameachana kwa amani.

"Alinipa siku tatu nimjibu," alisema Fundi. "Alisema nikikubali atakuja kwetu na wazee wake kabla ya safari, nikikataa ataondoka na hatanisumbua. Mimi kusema nilishindwa. Mama alikuwa ameshasema lake. Nikampa kitabu. Nikamwambia, soma mpaka mwisho, jibu langu ni la yule binti."

"Na mwisho haukuwemo."

"Nilikaa nimevaa nguo nzuri siku nzima. Hakuja. Nikasema, basi, kabadili nia. Nikanyamaza."

Shangazi alikivuta kitabu kwake. Alizifunua karatasi za maoni moja moja mpaka akafikia ya chini kabisa, ile ya kwanza kubandikwa, na oni la kwanza kabisa juu yake. Akamsogezea. Mwandiko ulikuwa wa herufi zilizosimama wima, kama za kwenye ramani.

*Namba 418. Nimekisoma mpaka mwisho kama nilivyoambiwa. Hakufungua. Simlaumu. Alikaa ufani akamsemesha mwenzake siku zote zile, wala hakumdanganya hata siku moja. Namshukuru kwa hilo, na sitasema zaidi.*

Fundi aliyasoma mara tatu. Miaka minne maneno haya yalikuwa kwenye rafu, hatua thelathini kutoka mezani kwake, na watu arobaini walikuwa wamepita juu yake wakibishana, wakilia, wakitukanana kwa namba. Kama wangenyamaza angekuwa bado hajui. Alitamani kuwatafuta mmoja mmoja awashike mikono, akianza na sitini na mbili.

"Mia nne kumi na nane," alisema shangazi polepole, "alihuisha kadi yake wiki iliyopita."

Fundi aliinua uso.

"Karudi. Kazi ya barabara mpya. Alikiulizia kitabu hiki hiki, nikamwambia kimechakaa, lazima kipitie kwa fundi kwanza. Akasema atasubiri. Sikukwambia kwa sababu sikutaka kutonesha kidonda. Sasa, anwani za wasomaji ni siri, unajua. Kanuni niliiandika mimi mwenyewe." Alisimama kwa shida, akishika magoti. "Naenda kuchemsha chai. Daftari liko wazi juu ya meza yangu, ukurasa wa tano, na chai ile huwa inachelewa kuchemka."

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Mlango ulikuwa wazi. Ramani zilining'inia ukutani kama nguo za kuanikwa, na katika kona vyombo vya kupimia vilisimama kwa miguu yao mitatu. Yeye alikuwa ameinama juu ya meza pana, amekunja mikono ya shati, penseli sikioni. Jua la miaka minne lilikuwa limemchoma shingo na nywele za pembeni zilianza mvi, mapema mno kwa umri wake. Fundi alisimama mlangoni akimtazama, akasahau yale aliyokuwa akiyapanga ngazi nzima.

"Karibu," alisema Mpimaji bila kuinua kichwa. "Kama ni kuhusu mipaka ya viwanja, mhusika katoka."

"Ni kuhusu kitabu."

Mkono uliokuwa ukichora ulisimama. Aliinua macho taratibu, na macho yale yalipomfikia yalikaa. Hakuna aliyetabasamu. Kwa muda kilichosikika ni sauti ya kioo kikikatwa huko chini.

"Fundi."

"Hujambo, Mpimaji?"

"Sijambo. Keti."

"Nikikaa nitashindwa kusema." Alifungua bahasha na kuweka kurasa juu ya ramani. "Soma hizi kwanza."

"Hapana."

"Nakuomba."

"Mara ya mwisho kusoma ulichonipa sikurudi mjini miaka minne," alisema. Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Fundi kuliko ukali. "Kama una neno, niambie."

"Nitakuambia. Lakini ukisoma hutaniona mwongo."

Alisoma akiwa amesimama. Fundi alimtazama uso badala ya kutazama kurasa, kwa sababu kurasa alizijua: binti anashuka ngazi alfajiri ya siku ya arobaini na moja, kufuli limeshika kutu, analipiga kwa jiwe mpaka vidole vinatoka damu. Lango linapofunguka mchonga mawe yuko palepale, amekaa, hawezi hata kusimama. Ukutani nje kuna mistari arobaini na mmoja aliyoichora kwa patasi yake. Binti anamshika mkono anamwingiza ndani, na kumwonyesha ukuta wa upande wa pili, ambako yeye naye alichora yake.

Mpimaji alifika ukurasa wa mwisho, akarudi wa kwanza, akafika tena wa mwisho. Kisha alivuta kiti na kukaa.

"Alifungua," alisema.

"Alifungua. Mimi ndiye niliyesahau kuzishona. Nilikuwa na haraka ya kukuwahi."

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa umenikubali."

"Nilikuwa nimekukubali kabla hujaniuliza."

Mpimaji angefurahi, ungesema. Lakini binadamu hatuko hivyo, furaha iliyochelewa huja na ghadhabu yake. Alisimama, akaenda dirishani, akampa mgongo.

"Unajua nilivyoishi? Nimepima mabonde sita. Nilikuwa nikilala hemani najiuliza kosa langu ni lipi, nini nilichokosa yule binti asifungue. Kumbe ni uzi. Watu wana midomo, Fundi. Ulishindwa nini kusema neno moja?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nilimwogopa mama. Nikasema nikikupa kitabu, kitabu ndicho kitakachosema, mimi sitakuwa nimemvunjia mama neno lake. Nilitaka kukupata bila kumuudhi mtu yeyote. Huo ni woga, sina jina jingine la kuupa." Alijifuta macho kwa kiganja, na sasa ghadhabu ikamjia yeye. "Na wewe je? Mtu unampenda, unaambiwa hapana na kitabu, unaondoka tu? Ulishindwa nini kuja kuuliza?"

"Nilikuja."

Fundi hakuelewa.

"Asubuhi ile, kabla ya safari. Saa moja nilikuwa kwenu. Nilitaka nisikie kwa sauti yako. Alitoka mama yako. Nikamwambia naomba kukuona. Akaniuliza, hakukupa jibu? Nikasema alinipa. Akasema, basi, jibu si ndilo hilo." Aligeuka. "Sikumwona na kosa. Alisema kweli. Jibu nilikuwa nalo kwapani, nikalirudisha maktaba nikaondoka."

Fundi sasa alikaa.

"Sikuambiwa," alisema.

"Nimeshaelewa hivyo."

Ghadhabu zote mbili zilikwisha kwa pamoja, wakabaki watu wawili waliochoka, wanatazamana kuvuka meza. Mpimaji alinyoosha mkono, akaugusa mkono wake pale ilipo sugu ya sindano, kidole cha kati. Aliigusa kana kwamba anahakikisha bado ipo mahali pake.

"Sijaoa," alisema. "Kama ulikuwa unataka kuuliza."

"Nilikuwa nataka."

"Na wewe?"

"Nani anaoa mtu anayenuka gundi?"

Alitabasamu, kwa mara ya kwanza. Kisha tabasamu likaondoka, akasema kwa utulivu, neno kwa neno: "Leo saa kumi nitakuja kwenu. Nitakuuliza tena, mbele ya mama yako. Sitaki kitabu kinijibu, wala shangazi, wala mama. Utasema wewe. Ukishindwa kusema, nitaelewa, na kazi ya barabara watamleta mpimaji mwingine."

"Mpimaji, sitashindwa."

"Usiniambie hapa," alisema. "Hapa hakuna wa kumwogopa."

*

Mama alikuwa akipiga pasi sebuleni. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na hata sasa, amestaafu na magoti yanamsumbua, aliikunja nguo kama barua, pembe kwa pembe. Juu ya rundo lake lilikuwepo vazi la kazi la Fundi, limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko.

"Umewahi leo," alisema.

"Mama, alikuja?"

"Nani?"

"Unamjua. Asubuhi ya safari yake. Alikuja hapa?"

Mama aliisimamisha pasi. Angeweza kukataa, na Fundi, Mungu amsamehe, kwa sekunde moja alitamani akatae.

"Alikuja," alisema mama.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Hukuwa umelala. Ulikuwa bafuni unaoga. Unaimba." Mama alichomoa waya wa pasi, akauzungusha mkononi taratibu. "Nilikusikia unaimba nikajua umemkubali. Halafu namfungulia mtu mlango namwona uso umemwanguka, nikajua kuna kitu hakijaenda sawa. Ningesema neno moja tu, ngoja nimwite. Sikulisema."

"Mama."

"Baba yako alikuwa dereva wa treni. Nilimpenda hivyohivyo, kwa kuimba. Nikakaa miaka nikihesabu siku za yeye kuwepo, zilikuwa chache. Halafu safari moja hakurudi kabisa, wewe una miaka mitatu. Nikajiapiza wewe hutahesabu siku kama mimi." Aliuweka waya juu ya meza. "Ukalia mwezi mzima. Nikasema atasahau. Hukusahau, na mimi nikawa kila nikikuona nashindwa kusema. Hii pasi unaona napiga kila siku? Nguo zenyewe hazina hata kunyanzi."

Fundi alitaka kukasirika. Alikuwa na haki, na njia nzima alikuwa akijitayarisha. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa mwoga mwenzake, aliyenyamaza siku ileile na yeye aliponyamaza, kwa sababu ileile. Aliizunguka meza, akamkumbatia, na mama akalia begani kwake kama mtoto aliyepatikana.

"Anakuja saa kumi," alisema Fundi.

"Leo?" Mama alijitoa, akajipangusa. "Na mimi nimevaa hivi?"

Saa kumi kamili, maana wapimaji ni watu wa kamili, alibisha hodi. Alikuwa amevaa shati jeupe na penseli ameisahau sikioni. Aliinamisha kichwa akisalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae." Yeye mwenyewe hakukaa. "Kabla hujasema lolote, nina langu. Siku ile nilikujibu bila kudanganya, na nilikudhulumu vilevile. Alikuwa ndani, macho, anakusubiri wewe. Nimekunyima miaka minne. Sina cha kukupa badala yake. Naomba unisamehe."

Mpimaji alitazama sakafu kwa muda.

"Mama," alisema mwisho, "huyu ulimlea peke yako. Hukuwa na wa kupokezana naye, na amekuwa hivi alivyo. Kwa hilo nakushukuru kwanza. Nilikuwa nataka kukushukuru hata siku ile, ila sikupata nafasi. Hiyo minne tutaizungumza tukizeeka, tukikosa maneno."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Alipokitoa, alicheka kidogo kati ya machozi.

"Kwani huko mahemani wanawafundisha kusema?"

"Kuna muda mwingi wa kufikiri, mama. Na kazi ya barabara hii ni miaka mitano, nitalala mjini. Baada ya hapo popote nitakapopelekwa, sitaki kwenda tena peke yangu." Aligeuka kumwelekea Fundi. "Nilikuuliza neno zamani. Nakuuliza tena lilelile."

Fundi alimtazama mama, kwa mazoea, kama alivyomtazama maisha yake yote kabla ya kusema jambo.

"Usinitazame mimi," alisema mama. "Nilishajibu kwa niaba yako mara moja. Ona nilichofanya."

Fundi aliwakumbuka wale wote wa kwenye karatasi, wasioijua sura yake wala yeye zao, waliogombana miaka minne kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo, hadi kumfikisha yeye hapa. Aliwashukuru moyoni. Kisha alisogea, akasimama kando ya Mpimaji, bega kwa bega, akamgeukia mama yake na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni.

"Mama, huyu ni mchumba wangu. Nilimkubali miaka minne iliyopita. Leo ndiyo nimemwambia."